Programu ya kikoba imefika toleo la 0.9: nimalizie nini kabla ya kuipandisha Play Store?

MsimboMwanza

Wakuu, habari za kazi.

Natengeneza peke yangu programu ya Android ya kutunza hesabu za kikoba: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini na mgawo wa mwisho wa mzunguko. Ni kazi ya jioni, pembeni ya ajira. Kurasa zote zinafanya kazi, ila programu inayofanya kazi mezani kwangu bado si ile ya kumkabidhi katibu anayeandika fedha za watu 28. Naomba ushauri wa kumalizia.

Hali ilivyo: lugha ni Kotlin, kurasa ni Jetpack Compose, hifadhidata ni Room (maktaba ya Android inayotumia SQLite). Hakuna seva, kila kitu kinakaa kwenye simu ya katibu, maana vikao vingi hufanyika mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Inaanzia Android 7 na inalenga API 35 (yaani Android 15). Hisa moja ni sh. 5,000, mwisho hisa 5 kwa kikao, na kikao ni kila wiki. Rangi na nembo nimeziacha mwisho kwa makusudi.

Maswali:

1. Mgawo haulingani na sanduku. Data ya majaribio ina fedha za kugawa 11,203,400 na hisa 1,847. Natumia Double (namba zenye desimali), napata 6,065.728 kwa hisa. Nikiviringisha kwa kila mwanachama, jumla ya malipo inazidi au inapungua.

2. Nakala ya akiba. Kitufe kinanakili faili la hifadhidata (.db) na kulipeleka kwenye folda ya vipakuliwa. Mara nyingine nakala hiyo ikifunguliwa kwenye simu ya pili inakosa kikao cha mwisho, mara nyingine iko kamili.

3. Mipangilio ya kikundi naihifadhi kama JSON (maandishi yenye jina na thamani ya kila sehemu) kwa maktaba ya Gson. Faili lililotoka kwenye toleo la majaribio (debug) likisomwa na toleo lililobanwa kwa R8 (kifaa cha kupunguza msimbo), kila sehemu inakuwa null (tupu).

4. Akaunti yangu ya Play ni ya mtu binafsi na ni mpya. Sharti la Google la kuwa na wajaribu 12 kabla ya kutoa kwa umma nilipangeje lisinirudishe nyuma?

---

Mweka_Hazina

Mkuu, nianze na la kwanza, kwa sababu hapo ndipo wanachama watakapoamua kuiamini au kurudi kwenye daftari.

Double iondoe kabisa kwenye fedha. Kila kiasi kiwe Long, shilingi nzima, na kugawa kuwe kwa namba kamili. 11,203,400 ukigawa kwa 1,847 unapata 6,065 na baki ni 1,345. Ukipandisha hisa iwe 6,066 utahitaji 11,203,902, yaani sanduku limepungukiwa sh. 502 na mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayeziona. Kwa hiyo thamani ya hisa hushuka chini siku zote. Lile baki lipewe mstari wake kwenye ripoti, na kikundi kichague kama linaingia mfuko wa jamii au linafungua mzunguko unaofuata. Usilifiche. Mweka hazina anayehesabu noti mbele ya watu anataka kuona hiyo 1,345 imeandikwa.

Halafu kuna taslimu. Mwenye hisa 73 anastahili 442,745, na hiyo 45 hailipiki kwa sarafu zilizoko mkononi. Weka kwenye mipangilio kipimo cha kuviringishia: 1, 50, 100 au 500. Kikundi kinacholipa kwa simu kitachagua 1, kinacholipa taslimu kitachagua 50 au 100, na huyu atapokea 442,700. Kuviringisha kufanyike mara moja tu, mwishoni, baada ya kutoa deni la mkopo na faini za mwanachama. Ukiviringisha kabla ya kutoa deni na ukarudia baada yake, tofauti ndogondogo zitajumlishana na hutajua zimetoka wapi.

Kisha andika jaribio la kiotomatiki lenye sharti moja: jumla ya malipo yote, ukiongeza madeni yaliyokatwa, ukiongeza baki, ni sawa na fedha za kugawa. Liendeshe kwa maelfu ya mchanganyiko wa nasibu wa hisa na madeni. Likikataa hata mara moja, usitoe toleo.

Mfuko wa jamii usiingie kwenye mgawo. Nimeona programu kadhaa zinazojumlisha sanduku zima na kugawa kwa hisa, ilhali mfuko wa jamii watu huchangia sawa kwa sawa na una masharti yake kwenye katiba ya kikundi. Uwe akaunti tofauti tangu kwenye majedwali, usiwe kichujio cha kwenye ripoti.

Kwenye mikopo, kuna vikundi vinavyotoza riba ya mkupuo na vingine vinavyotoza riba ya salio linalopungua, na tofauti yake si ndogo. Mkopo wa 300,000 kwa miezi 3 kwa asilimia 10 kwa mwezi: kwa mkupuo riba ni 90,000, kwa salio linalopungua, mtaji ukirudishwa 100,000 kila mwezi, riba ni 30,000, 20,000 na 10,000, jumla 60,000. Programu iwe na njia zote mbili. La muhimu zaidi, njia na kiwango viandikwe ndani ya rekodi ya mkopo wenyewe siku unapotolewa. Ukisoma kiwango kutoka kwenye mipangilio, siku kikundi kikiteremsha riba kutoka 10 hadi 5, mikopo yote ya zamani itabadilika kinyumenyume na ripoti ya mwezi uliopita haitalingana na karatasi iliyosainiwa. Asilimia nayo iwe namba kamili: 10% iandike 1000, na 2.5% iandike 250.

Mpangilio wa kupokea rejesho pia uchaguliwe na kikundi. Wengi huanza na faini, kisha riba, kisha mtaji, lakini si wote.

Mwisho kwa upande wangu: usiweke safu ya salio la mwanachama kwenye jedwali. Salio lihesabiwe kwa SUM ya miamala. Watu 28, wiki 52, miamala minne kwa kila kikao, ni mistari 5,824 kwa mwaka mzima, na SQLite hujumlisha kiasi hicho bila mtumiaji kuhisi lolote. Na muamala usifutwe. Ukikosewa, uandikwe wa kuurejesha wenye alama ya kinyume, sababu na tarehe, na kikao kikishafungwa kisifunguliwe tena. Sanduku lenyewe lina kufuli tatu na wenye funguo watatu; programu isiwe legelege kuliko sanduku.

---

Hifadhi_Salama

Nachukua la 2 na la 3.

La 2 ni WAL (write-ahead log, njia ya kuandika kwanza pembeni). Room huandika mabadiliko mapya kwenye faili la pembeni lenye jina lilelile linaloishia na -wal, kisha baadaye huyahamishia kwenye faili kuu. Ukinakili .db peke yake, kilichokuwa bado kwenye -wal kinabaki nyuma, na mara nyingi hicho ndicho kikao cha mwisho. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka. Angalia na hili: kwenye simu inayojitambulisha kuwa na RAM ndogo, Room huchagua TRUNCATE, njia isiyo na faili la -wal, badala ya WAL. Kwa hiyo simu dhaifu kuliko zote ulizonazo inaweza kukupa nakala kamili kila mara, na simu nzuri ndiyo ikakosea. Usihukumu kwa simu moja.

Kuanzia API 30 (Android 11) simu zina SQLite 3.28, kwa hiyo tumia `VACUUM INTO` na njia ya faili jipya. Inakupa faili moja safi, lililokamilika, bila kufunga hifadhidata. Masharti yake ni mawili: faili lengwa lisiwepo tayari, na amri isiwe ndani ya muamala uliofunguliwa. Chini ya API 30 amri hiyo haipo, maana imeanza na SQLite 3.27 na Android 10 ina 3.22. Huko tumia `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)` kabla ya kunakili. Wengi hukwama hapa: ukiita `db.query(...)` bila kusogeza kielekezi (cursor) cha jibu, Android haiendeshi amri hiyo kabisa. Ita `moveToFirst()` na usome safu ya kwanza. 0 maana yake imekamilika. 1 maana yake kuna anayesoma au kuandika, na hiyo nakala usiitoe. Funga kitufe cha kuandika muamala mpaka kunakili kuishe.

Kurudisha ndiko kugumu kuliko kutoa. Usiandike juu ya faili lililopo moja kwa moja. Nakili faili la mtumiaji kwenye folda ya ndani kwa jina la muda, lifungue, endesha `PRAGMA integrity_check`, soma `PRAGMA user_version` uhakikishe si ya toleo jipya kuliko programu iliyoko kwenye simu, kisha umwonyeshe katibu anachotaka kurudisha: jina la kikundi, tarehe ya kikao cha mwisho, jumla ya hisa. Akikubali, funga Room, futa -wal na -shm (faili jingine la pembeni la WAL) za hifadhidata ya zamani, ndipo ubadilishe faili kuu na kuanzisha programu upya. Ukiacha -wal ya zamani kando ya faili jipya, SQLite inaweza kujaribu kuiunganisha nalo, na utapata hifadhidata iliyoharibika au data iliyochanganyika. Faili la zamani lihifadhi kwa jina lingine mpaka programu ifunguke salama mara moja.

Nakala iende wapi? Folda ya vipakuliwa ya simu hiyohiyo haisaidii simu ikiibiwa. Tumia `ACTION_CREATE_DOCUMENT` ili mtu achague Google Drive au kadi ya kumbukumbu, na kitufe cha pili cha kutuma kupitia FileProvider, maana kwa hakika katibu ataituma kwa mweka hazina kwa WhatsApp. Usitegemee nakala ya kiotomatiki ya Android peke yake. Kikomo chake ni megabaiti 25 kwa programu, hilo halikuhusu, lakini kwa kawaida husubiri simu iwe imetulia na iwe kwenye Wi-Fi. Katibu anayeishi kwa bando anaweza kumaliza mzunguko mzima bila kuwa na nakala hata moja.

Kwa kuwa faili litapita WhatsApp likiwa na majina na madeni ya watu, lifunge kwa nenosiri: usimbaji wa AES-GCM, ufunguo utokane na nenosiri kwa PBKDF2 (kanuni ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo). Usitumie ufunguo wa Android Keystore kwa nakala ya akiba. Ufunguo huo hautoki kwenye simu ulikozaliwa, kwa hiyo nakala haitafunguka kwenye simu mpya, na simu mpya ndiyo sababu ya kuwa na nakala.

La 3: R8 hubadilisha majina ya sehemu za darasa kuwa a, b, c, na Gson husoma majina hayo wakati programu inaendeshwa. Toleo la majaribio liliandika `kiwangoChaRiba`, toleo lililobanwa linatafuta `a`, halioni kitu, linaweka null bila kulalamika. Mbaya zaidi ni pale matoleo mawili yaliyobanwa yanapotoa majina tofauti: nakala ya Machi haisomeki Juni. Weka `@SerializedName` kwenye kila sehemu, au hamia kotlinx.serialization ambayo hupanga majina wakati wa kujenga. Ongeza namba ya toleo ndani ya JSON yenyewe. Kwa kweli ningehamishia mipangilio hiyo kwenye jedwali la Room ili nakala iwe faili moja tu.

Na tafadhali tafuta `fallbackToDestructiveMigration` kwenye msimbo wako uiondoe leo. Muundo ukibadilika na hujaandika uhamisho wake (migration, hatua za kupeleka data kwenye muundo mpya), mstari huo hufuta majedwali yote kimyakimya. Bila huo programu itaanguka inapofunguka, na hilo ni afadhali mara mia kwa daftari la fedha. Washa `exportSchema`, faili za JSON za muundo ziingie Git, na kila uhamisho upimwe kwa `MigrationTestHelper` kuanzia toleo la 1, si kuanzia la jana tu.

---

MsimboMwanza

Nashukuru sana, wakuu. Nakala nimeipima kwa `VACUUM INTO` na kikao cha mwisho kimo kila mara. Gson nitaihama.

Nina maswali mawili ya nyongeza. Makatibu wengi hupokea programu kwa WhatsApp au Xender (ya kutumiana mafaili), si kwa Play. Nikiwapa APK (faili la kusakinisha programu) sasa, watakaposasisha kupitia Play data itabaki? Na PBKDF2 kwa SHA-256 inanikatalia kwenye simu ya Android 7.

---

GatiNamba3

APK na Play: jihadhari hapa, maana ndipo watu hupoteza data za wateja.

Programu mpya zote za Play hutumia Play App Signing. Wewe unasaini kwa ufunguo wa kupakia, Google inasaini upya kwa ufunguo wa programu, na ndiyo inayomfikia mtumiaji. APK uliyoijenga mwenyewe na kuituma WhatsApp ina saini ya ufunguo wako. Android ikikuta saini mbili tofauti kwa jina moja la kifurushi, inakataa kusasisha. Katibu atashauriwa na jirani aiondoe kwanza ndipo asakinishe upya, na akiiondoa, hesabu zote zimekwenda.

Kuna njia mbili. Unapojiandikisha mara ya kwanza, chagua kutumia ufunguo wako mwenyewe kama ufunguo wa programu, uutunze mahali pawili tofauti. Au, na hii ndiyo naipendelea, pakia AAB (kifurushi ambacho Play hukitumia kutengeneza APK) kwanza, kisha ndani ya Play Console fungua kichunguzi cha vifurushi na upakue APK ya jumla iliyokwisha kusainiwa na Google. Hiyo ndiyo uisambaze WhatsApp. Itasasishika kupitia Play bila kugombana. Itakuwa kubwa kuliko inayoshushwa Play, kwa sababu ina lugha zote na aina zote za vichakato, lakini inafaa.

Sharti la wajaribu: akaunti za mtu binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima ziwe na wajaribu 12 waliojiunga na jaribio lililofungwa kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kutoa kwa umma. Awali walikuwa 20, ikapunguzwa Desemba 2024. Neno la kushika ni mfululizo. Ukiwa na 12 kamili na mmoja akajitoa siku ya 9, umeshuka chini ya idadi. Andikisha 18 hadi 20. Una wanachama 28 tayari, na wao ni bora kuliko watu wa kubadilishana majaribio mtandaoni wasiofungua programu, kwa sababu mwishoni Google inakuuliza wajaribu walitumiaje programu, walisema nini na ulibadilisha nini. Jibu kwa mambo halisi: walishindwa kuona kitufe, ukakisogeza, toleo namba fulani.

Mambo yanayokwamisha wajaribu ni madogo. Anwani ya Gmail uliyoandika si ile iliyoko Play Store kwenye simu yake. Kiungo cha kujiunga kimefunguliwa ndani ya kivinjari chenye akaunti ya mtoto wake. Au hujachagua Tanzania kwenye orodha ya nchi za jaribio hilo, na kila mtu anaambiwa programu haipatikani. Kaa naye, fungua Play Store, gusa picha ya wasifu juu, soma anwani iliyoandikwa pale, ndiyo uiandike.

Fomu ya usalama wa data: kwa Google, data inahesabiwa kuwa imekusanywa pale inapotoka kwenye simu. Yako haitoki, basi utasema haikusanywi. Lakini ukiongeza Crashlytics au mfano wake, ripoti za kuanguka na vitambulisho vinatoka, na lazima uvitaje. Ukurasa wa sera ya faragha unatakiwa hata kama hukusanyi chochote.

Kuna na suala la fedha. Tamko la huduma za kifedha ni la kila programu, lijaze kwa uangalifu. Programu za mikopo binafsi zina masharti mazito, na watoa huduma za kifedha wanatakiwa kuwa na akaunti ya taasisi. Yako haikopeshi na haishiki fedha, inaandika tu. Lisemwe hivyo kwenye mstari wa kwanza wa maelezo: inatunza kumbukumbu za kikundi, haipokei wala haitoi fedha. Kichwa cha "Pata mkopo haraka" kisikaribie. Kwa hapa nyumbani, vikundi hivi viko daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na usajili wao ni wa halmashauri. Wewe mtengenezaji usijitangaze kama vile ndiye unayekisajili kikundi.

Usiombe ruhusa ya majina ya simu. Kumwongeza mwanachama kutoka kwenye orodha ya simu tumia `ACTION_PICK`: mtu anachagua namba moja, unapewa hiyo moja, na `READ_CONTACTS` haihitajiki.

---

ChamaNairobi

Habari kutoka Nairobi. Sijaona malipo ya simu kwenye orodha yako, na chama chochote cha huku kitauliza.

Usianze na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. STK Push, ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mlipaji, inataka seva yenye HTTPS ya kupokea majibu, na majibu mengine hayafiki kabisa, kwa hiyo lazima uwe na kazi ya kuuliza hali ya malipo kwa `CheckoutRequestID`. Hiyo ni programu ya pili nzima. Na kusoma SMS moja kwa moja kunahitaji `READ_SMS`, ambayo Play inaibana sana na inataka tamko maalum.

Fanya hivi: mweka hazina anashikilia ujumbe wa M-Pesa, anachagua kushiriki, programu yako inaupokea kwa `ACTION_SEND`. Chambua namba ya muamala, kiasi na jina, umwonyeshe kabla ya kuhifadhi, na yeye ndiye achague mwanachama. Usimlinganishe mtu kwa jina kiotomatiki, maana mke hutuma kwa laini ya mume kila siku. Namba ya muamala iwekee faharasa ya UNIQUE kwenye jedwali. Ujumbe mmoja ukiletwa mara mbili, hifadhidata yenyewe itakataa. Huku namba hiyo ina herufi na tarakimu 10. Usifunge urefu huo kwenye msimbo, kwa sababu mitandao mingine na nchi nyingine wana mpangilio wao. Kanuni za kuchambua ziwe kwenye faili moja lenye mifano ya ujumbe kama majaribio, kwa kuwa maneno ya ujumbe hubadilika.

---

Katibu_wa_Kikoba

Naongezea ya upande wa anayeshika simu kikaoni.

Saa. Kikao ni saa 10 jioni. Ukurasa wa kuchagua muda ukionyesha saa za kimataifa, katibu ataweka 10 na ukumbusho utalia asubuhi saa 4. Hifadhi 16:00, lakini onyesha "saa 10 jioni" na chini yake 16:00 kwa herufi ndogo. Kanuni ni saa ya kimataifa ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki, na baki likiwa 0 andika 12. Lugha ya simu ikiwekwa Kiswahili, Android yenyewe haikufanyii hilo. Ukumbusho wa kikao hauhitaji dakika kamili, kwa hiyo tumia WorkManager, inayorudi yenyewe simu ikizimwa na kuwashwa. Kengele ya dakika kamili kwenye Android 14 programu mpya hunyimwa mpaka mtumiaji aruhusu. Na kuanzia Android 13 ruhusa ya arifa iombwe pale anapowasha ukumbusho, si anapofungua programu mara ya kwanza.

Kiasi. Sifuri moja ikizidi, 50,000 inakuwa 500,000. Weka alama za maelfu wakati anaandika, na chini ya kisanduku andika kwa maneno: elfu hamsini. Macho hukamata neno upesi kuliko sifuri. Kwenye Compose alama hizo ziwekwe kwa `VisualTransformation`, maandishi yenyewe yabaki tarakimu tupu. `OffsetMapping` ukiikosea hata kwa nafasi moja programu inaanguka mtu anapofuta tarakimu katikati ya namba. Pima kufuta, kubandika na kusogeza kielekezi.

Herufi. Wanachama wa umri mkubwa hupandisha ukubwa wa herufi, na Android 14 inafika asilimia 200. Fungua kila ukurasa kwa 130 na 200. Jina refu lishuke mstari wa pili, kiasi kisikatwe kamwe. Safu za fedha ziwekee `fontFeatureSettings = "tnum"` ili tarakimu zipangane wima; bila hiyo 1,111 inaonekana fupi kuliko 8,888 na mtu anaanza kubishana na jedwali.

Kwa kuwa unalenga API 35, kwenye Android 15 ukurasa unafika mpaka ukingo wa kioo. Kitufe cha Hifadhi kinaweza kujificha chini ya vitufe vya simu au nyuma ya kibodi. Tumia `innerPadding` ya Scaffold na `imePadding()`, upime kwenye simu yenye vitufe vitatu chini, si ya kutelezesha kidole peke yake.

Na taarifa ya mwanachama itoke kama picha au PDF ya ukurasa mmoja. Kikaoni watu huomba "nitumie yangu", hawaombi kuazima simu yako.

---

Hifadhi_Salama

Kuhusu PBKDF2: `PBKDF2WithHmacSHA256` ilianza API 26 (Android 8). Kwenye Android 7 kuna ya SHA-1 tu. Una njia mbili: pandisha minSdk (toleo la chini kabisa la Android linalokubaliwa) iwe 26, au andika ndani ya kichwa cha faili la nakala ni kanuni ipi imetumika, mizunguko mingapi ya hesabu na chumvi (salt, data nasibu inayochanganywa na nenosiri) ipi, ili simu yoyote ijue kulifungua. Hata ukipandisha minSdk, kichwa hicho kiweke, kwa sababu idadi ya mizunguko utaiongeza baadaye na nakala za zamani lazima ziendelee kufunguka. OWASP, taasisi ya usalama wa programu, inashauri mizunguko 600,000 kwa SHA-256. Kwenye simu ya bei nafuu inachukua muda unaohisika, kwa hiyo iendeshe kwenye `Dispatchers.Default` na uonyeshe kwamba kazi inaendelea, la sivyo mtu atabonyeza mara tatu.

Ukifikiria SQLCipher (maktaba ya kusimba SQLite) kwa hifadhidata nzima, hakikisha maktaba zake za asili zinakubali kurasa za kumbukumbu za KB 16. Tangu 1 Novemba 2025 Play inalidai hilo kwa programu zinazolenga Android 15 na kuendelea, na toleo la zamani la maktaba litakukwamisha siku ya kupakia.

---

GatiNamba3

Kabla hujapakia AAB ya kwanza, jenga toleo lililobanwa na ulisakinishe kwenye simu ya GB 2 za RAM. Compose kwenye toleo la majaribio ni nzito kuliko inavyostahili, usipoteze wiki kurekebisha mwendo ambao R8 ingeurekebisha yenyewe. Kama orodha ya miamala bado inakwama baada ya hapo, angalia kama `LazyColumn` ina `key` kwa kila mstari, kisha ongeza Baseline Profile (orodha ya msimbo wa kuandaliwa mapema). Na `versionCode` ipande kila unapopakia, hata kwenye jaribio. Iliyokwisha kutumika haikubaliki tena.

---

MsimboMwanza

Napandisha minSdk hadi 26 na kichwa cha faili kinabaki. Mgawo nimeuandika upya kwa Long: 6,065 kwa hisa, baki 1,345 kwenye mstari wake, na jaribio la nasibu linapita. Kinachofuata ni uhamisho wa Room kuanzia toleo la 1, kisha naipakia kwenye jaribio lililofungwa na kuandikisha wajaribu 20 kutoka kikundini. Ya ujumbe wa M-Pesa inaingia 1.1.